Kitita cha tiba mtandao cha nyumbani: vipimo vizuri, saa imekosewa

Kitita kinafika ndani ya sanduku moja la plastiki lenye mpini: mashine ya presha ya mkono wa juu, kipimo cha oksijeni cha kidole, kipimo cha sukari na stripu 50, kipimajoto, kishikwambi cha inchi 8, na kiboksi cheupe cha mawasiliano chenye nafasi ya laini mbili. Ada ya mwezi inagharimia stripu, bando na muuguzi wa kuangalia vipimo. Kinatolewa Unguja na Pemba kwa wagonjwa wa presha, sukari na moyo. Mtoa huduma hatumtaji, kwa sababu makosa mengi yaliyomo humu yamo pia kwenye vitita vyengine vya aina hii, na anayetaka kuchukua cha mwengine atumie vigezo hivi hivi.

Hukumu yetu ni hii: vipimo ni vizuri, kiboksi ni kizuri zaidi, programu bado. Na kwa mgonjwa aliye nyumbani, programu ndiyo inayoamua kama namba iliyotoka mkononi mwake itamfikia daktari ikiwa na maana ile ile.

Mashine ya presha ndiyo itakayotumika kila siku. Imepita majaribio ya ISO 81060-2, kiwango kinachotaka wastani wa tofauti kati ya mashine na vipimo vya wataalamu usizidi milimita 5 za zebaki, na mtawanyiko usizidi 8. Muulizeni muuzaji yeyote swali hili kwanza. Karatasi ya kiwanda haitoshi. Mwambieni akuonesheni jina la modeli kwenye STRIDE BP, orodha ya kimataifa ya mashine za presha zilizothibitishwa usahihi wake, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Muulizeni pia kama vifaa vimesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Kasoro iko kwenye mkanda. Unakuja mmoja tu, wa sentimita 22 hadi 32. Mwenye mkono wa sentimita 35 akivishwa mkanda huo atatoka na presha ya juu kuliko aliyonayo, kwa sababu mfuko wa hewa hauzunguki mkono vya kutosha na inabidi ujazwe zaidi ndipo uubane mshipa. Mtu anaongezewa dawa asiyoihitaji kwa kosa la kitambaa. Chukueni futi ya fundi cherehani, pimeni mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, na ukizidi 32 daini mkanda mkubwa wa 32 hadi 42 kabla ya kusaini. Upo ghala; hautolewi mpaka uombwe.

Video ya mafunzo inaonesha mtu kwenye sofa na meza ya kulia. Wagonjwa wengi wa huku hupima wakiwa mkekani, au kwenye baraza lisilo na pa kuegemea, na mkono umelazwa pajani. Mkono ukiwa chini ya moyo presha hupanda, mgongo usipoegemea hupanda, miguu ikikunjwa hupanda. Kiti chenye mgongo, nyayo zikanyage chini, mkono juu ya meza au mito miwili mpaka mkanda ulingane na moyo, kimya dakika tano, kisha vipimo viwili kwa kupishana dakika moja. Kahawa isinyweke nusu saa kabla. Video ya dakika mbili iliyopigwa ukumbini kwa mtu, akiwemo bibi aliyekaa vizuri, ingefanya kazi kubwa kuliko kijitabu chote cha kurasa 40.

Betri nne za mashine nazo zina yao. Betri za bei nafuu za zinki huonesha alama zimejaa, lakini pampu ikianza kuvuta umeme nguvu huanguka na mashine inatoa kosa katikati ya kipimo. Watu hudhani mashine imekufa. Tumieni za alkali, na msichanganye mpya na kuukuu.

Kuna jambo moja ambalo wabunifu hawakulifikiria kabisa, nalo ni jirani. Mashine ya presha ikiingia nyumba moja, mtaa mzima unajua. Mama wa nyumba ya pili anakuja, anaombwa akae, anapimwa, anapewa chai. Huo ni uungwana na hakuna mtengenezaji atakayeuzuia. Lakini mashine inatuma kila kipimo kwa jina la mgonjwa aliyesajiliwa, na daktari anaona 118, halafu 171, halafu 122, ndani ya alasiri moja. Mashine ina kitufe cha mtu wa kwanza na cha mtu wa pili, basi. Dawa yake ni kitufe cha tatu, “mgeni”, kinachoonesha namba bila kuituma. Si kazi ngumu kwa waandishi wa programu: kipimo kibaki kwenye kishikwambi na kisiingie foleni ya kutumwa. Mpaka kitufe hicho kipatikane, zimeni Bluetooth ya kishikwambi kabla ya kumpima mgeni, na mkimaliza futeni kipimo chake kwenye kumbukumbu ya mashine kabla ya kuwasha tena Bluetooth. Msipofuta, mashine itaunganishwa na kupakua kila ilichokihifadhi, cha jirani kikiwemo.

Kipimo cha oksijeni ni kizuri kwa anayekijua mipaka yake. Kinapitisha mwanga mwekundu na usioonekana kwenye kidole na kukisia kiasi cha oksijeni kwa namna damu inavyoumeza mwanga ule. Chochote kinachoziba mwanga kinaziba kipimo. Rangi ya kucha inajulikana, na kijitabu kinaitaja. Piko haikutajwa hata mara moja. Vidole vilivyotiwa piko nyeusi kwa harusi au Sikukuu vinaweza kukataa kusoma kabisa, au kutoa namba inayorukaruka. Tena piko haifutiki kwa asetoni, na mara nyingi vidole vya miguu navyo vimepambwa. Hapo kinatakiwa kibanio cha sikio, nacho lazima kiwe kile kilichotengenezewa sikio. Cha kidole kikibanwa sikioni kinadanganya. Kitita hakina, na kwa wanawake wa Zanzibar hilo ni pengo kubwa.

La pili ni ngozi yenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine ulionesha kwamba upungufu mkubwa wa oksijeni uliofichwa na vipimo hivi ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Vipimo hivi huelekea kusoma juu kwa ngozi nyeusi. Kwa hiyo 94 kwenye kioo isichukuliwe kama 94 ya kitabuni. Mfumo ungepaswa kumwekea kila mgonjwa namba yake ya kawaida kwa vipimo vya wiki ya kwanza akiwa mzima, kisha umpigie kengele daktari kila inaposhuka pointi tatu au nne chini ya hapo. Huu una mstari mmoja kwa wote, nao umewekwa 90. Ni chini mno.

Kipimajoto hakina la kusemwa, ila msimpime mtu aliyetoka juani.

Kipimo cha sukari kinatuma namba pamoja na kizio chake, jambo dogo lenye uzito. Hospitali zetu zinasoma kwa milimoli, mashine nyingi zinazoletwa kutoka nje zinasoma kwa miligramu, na kuhama kutoka kimoja hadi chengine ni kuzidisha au kugawa kwa 18: 5.5 ya huku ni karibu 100 ya kule. Mfumo unaopokea namba tupu bila kizio utakosea siku moja. Stripu nazo hazipendi hewa yetu. Wakati wa masika unyevu unapita asilimia 80 siku hadi siku, na kichupa kikiachwa wazi dawa ya kwenye stripu inaharibika bila kubadilika rangi. Fungueni, toeni moja, fungeni papo hapo. Msiweke kwenye friji, maana zikitolewa zinatoka jasho. Na mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe. Aliyetoka kumenya embe au kula tende ana sukari kwenye ncha ya kidole, na stripu haijui tofauti.

Ramadhani ilisahauliwa. Programu inauliza kipimo ni cha kabla au baada ya “kifungua kinywa”, “chakula cha mchana” au “chakula cha jioni”, na isipopata cha mchana inatuma ujumbe wa kukumbusha kila baada ya saa mbili. Mgonjwa wa sukari aliyeruhusiwa kufunga anahitaji alama nyengine kabisa: kabla ya daku, asubuhi, mchana, kabla ya futari, saa mbili baada ya futari, na wakati wowote anapojisikia vibaya. Anahitaji pia mipaka miwili iliyo wazi kwenye kioo: ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7, afungue. Hizo ni namba za mwongozo wa kimataifa wa sukari na Ramadhani, na kuziingiza kwenye programu ni kazi ya siku moja.

Kiboksi tunakisifu kwa moyo mmoja. Kimetengenezwa kwa kufuata IEC 60601-1-11, kiwango cha vifaa tiba vya nyumbani: kifanye kazi kati ya nyuzi 5 na 40 za joto, unyevu wa asilimia 15 hadi 90, na usalama wake usitegemee waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, ambao kwenye nyumba nyingi umekatwa au haukuwahi kufungwa. Ndani yake mna betri ya mAh 5,000, yaani ampea-saa 5. Hesabu yake ni rahisi: volti 3.7 mara 5 ni wati-saa 18.5, kiboksi kikiwa macho muda wote kinakula kama wati 3, na ukitoa upotevu unabaki na muda wa saa tano. Hiyo haitoshi umeme ukikatika usiku. Lakini kina hali ya kulala, kinaamka kila robo saa, kinatuma vilivyomo, kinalala tena, na hapo betri inapimwa kwa siku. Kinakuja kikiwa hakijawekwa hali hiyo. Waambieni waiweke mbele yenu. Anayekumbuka kiza cha Unguja cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipokufa, hahitaji kushawishiwa.

Kiboksi kinachajiwa kwa USB ya volti 5, kwa hiyo paneli ndogo ya sola au pawabenki inatosha. Umeme ukirudi baada ya kukatika, subirini dakika kadhaa kabla ya kuchomeka chochote, maana mshtuko wa kurudi ndio unaoua chaja. Na kila mwezi angalieni tundu la USB: kwa nyumba za karibu na pwani, chumvi inaacha ukungu wa kijani kwenye vile vibati vidogo vya shaba, chaji inaingia na kutoka, na kiboksi kinajizima kikiwa kimechomekwa. Mswaki mkavu na spiriti vinatosha kama umewahi.

Safari ya kipimo ndani ya mfumo nayo imepangwa kwa akili. Kinatoka kwenye mkanda kwa Bluetooth, kinahifadhiwa kwanza ndani ya kishikwambi, kinapewa namba yake ya pekee, ndipo kinapangwa foleni. Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, kinatumwa tena, na seva ikikutana na namba ile ile mara ya pili inaiacha. Hakuna kipimo kinachopotea wala kinachojirudia. Kinasafiri kwa FHIR, muundo wa kimataifa wa kubadilishana taarifa za afya, na kwa LOINC, namba za kimataifa za kutambulisha vipimo, 8480-6 kwa presha ya juu na 8462-4 kwa ya chini, kwa hiyo hospitali yenye mfumo wake inaweza kukipokea bila mtu kukinakili kwa mkono. Kipimo kimoja hakifiki kilobaiti 5. Bando linaliwa na video: kwa kilobiti 500 kwa sekunde kila upande, dakika 15 za kuzungumza na daktari ni karibu MB 112. Sauti peke yake ni kama MB 11. Programu inaanza na video kila mara na kushuka kwenye sauti ikishindwa, baada ya picha kuganda dakika nzima. Ingefaa ianze na sauti, na video iwe ya kuombwa. Wapo pia wanawake wasiopenda kuonekana na daktari wasiyemjua wakiwa ndani kwao, na kwao sauti ndiyo chaguo la kwanza. Kuchagua daktari mwanamke kunawezekana, ila kumefichwa kwenye ukurasa wa tatu wa mipangilio.

Sasa saa, kosa lililotufanya tusitoe alama nzuri.

Kioo cha kishikwambi kinaandika, kwa herufi kubwa nyeupe juu ya buluu: “Meza dawa saa 8:00.” Mbunifu alikusudia saa mbili asubuhi. Mzanzibari anaposoma “saa 8:00” anasoma saa nane, na saa nane ni mchana, adhuhuri imeshapita. Mbaya zaidi, kitita kina sauti ya kumsaidia asiyesoma, na sauti hiyo inatamka waziwazi, “Meza dawa saa nane kamili.” Kengele inalia saa mbili asubuhi, sauti inasema saa nane, bibi anazima kengele na kuisubiri saa nane. Dawa ya presha inachelewa saa sita, kila siku, na daktari anaona tu kwamba kipimo cha asubuhi hakishuki. Kwa anayechoma insulini kosa hilo ni la hatari.

Tafsiri ya maneno ilifanywa, tafsiri ya saa haikufanywa. Marekebisho yanajulikana. Ndani ya seva muda uhifadhiwe kwa saa ya dunia pamoja na alama ya +03:00, yaani huku tuko saa tatu mbele yake. Kwenye kioo uandikwe “saa 2:00 asubuhi”, neno la wakati lisikosekane kamwe, na pembeni ichorwe picha ya jua linalochomoza. Kwa wazee, alama ya muda inayofaa zaidi ni sala: baada ya Alfajiri, baada ya Magharibi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati hizo hazitofautiani hata kwa saa moja mwaka mzima, na kwa dawa nyingi za presha tofauti hiyo haina madhara. Miadi ya usiku nayo itazamwe: kwa wazee wengi siku inaanza jua likizama, na “usiku wa Jumanne” ni Jumatatu baada ya Magharibi. Programu iandike “Jumatatu usiku, kuamkia Jumanne.”

Mpaka hilo lirekebishwe, nyamazisheni sauti ya kishikwambi, bandikeni karatasi juu yake yenye saa za Kiswahili, na tumieni kengele ya simu ya mtu wa nyumbani.

Mashine ya presha ina saa yake pia, na ukibadilisha betri inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Kipimo cha leo kinaingia kwenye grafu miaka kadhaa nyuma, daktari hakioni, na hakuna aliyeambiwa. Baada ya kila betri mpya unganisheni mashine na kishikwambi na hakikisheni tarehe kabla ya kupima.

Jengine zito ni kimya. Kwenye ukurasa wa daktari kila mgonjwa ana duara la rangi: kijani, njano, jekundu. Kiboksi kikizimika, bando likiisha, au mgonjwa akianguka asiweze kupima, duara linabaki na rangi ya mwisho. Kijani cha juzi kinaonekana sawa na kijani cha sasa hivi. Tarehe imeandikwa chini yake kwa herufi za kijivu ambazo hakuna anayezisoma akiwa na wagonjwa 60 kwenye kioo. Kiboksi tayari kinatuma salamu ya “nipo” kila robo saa, na seva inaipokea. Kilichobaki ni duara kuwa jeupe salamu nne zikikosekana, na muuguzi kupiga simu kipimo cha asubuhi kisipofika kufikia adhuhuri.

Kengele ya hatari inakwenda kwenye programu ya simu ya muuguzi tu, bila SMS wala simu ya sauti, na baina ya saa nne usiku na saa moja asubuhi hakuna anayeisubiri. Mkataba unalisema hilo kwenye ukurasa wa tisa. Lingepaswa kubandikwa kwenye kifuniko cha sanduku. Presha ikitoka 180 kwa 120 au zaidi, pumzikeni dakika tano mpime tena. Ikiwa pale pale, na kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, upande mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kuingia kiza, msisubiri kupigiwa. Nendeni hospitali.

Kwa Mjini na maeneo ya karibu ya Unguja, mwenye presha tu anaweza kukichukua sasa kwa masharti tuliyoyataja: mkanda wa saizi yake, hali ya kulala, karatasi ya saa. Anayechoma insulini asubiri saa irekebishwe. Kwa Kojani, Tumbatu na visiwa vyengine vidogo, kitita kina thamani kubwa zaidi kuliko mjini, na ndiko kilikotayarishwa vibaya zaidi. Fomu ya usajili inataka mtaa, namba ya nyumba na msimbo wa posta, na haikubali kuendelea bila ya hivyo. Haina pa kuandika shehia. Muuguzi akipata kengele kutoka Kojani, kioo chake kinamwambia “Nyumba 1, Mtaa 1”, kwa sababu hicho ndicho alichoandika fundi ili fomu ipite. Basi chukueni kalamu ya wino usiofutika, andikeni wenyewe ndani ya kifuniko cha sanduku na mumsomee muuguzi siku ya kwanza ayanakili: shehia, simu ya sheha, simu ya mhudumu wa afya ya jamii, jina la mwenye boti na simu yake, na bandari anayofunga usiku.